Mguu wa Pili Kwenye Breki

Mama yangu alianza kujifunza kuendesha gari akiwa tayari na wajukuu, na mwalimu wake alikuwa mke wangu. Tafadhali usicheke. Mwanamume mwenye mama anayejua kila kitu, na mke asiyepandisha sauti hata nyumba ikiungua, halafu wawili hao wafungiwe ndani ya gari moja kila jioni, anastahili huruma. Hadi leo sijahurumiwa na mtu.

Mama ni fundi wa mapazia. Hashoni magauni wala sare, anashona mapazia tu: ya kumbi, ya wodi, ya ofisi zenye madirisha marefu. Watu wanamwita Mama Pazia. Cherehani zake mbili za miguu ziko sebuleni, meza ya kukatia imechukua mahali pa kochi, na mgeni akija anakaa juu ya robota la kitambaa na kuambiwa asitingishike. Ana macho ya kuona mshono uliopinda akiwa ng'ambo ya barabara, na mdomo wa kukuambia. Siku ya harusi yangu, kabla hata hajanipongeza, aliniambia mguu wa kushoto wa suruali yangu ni mrefu kuliko wa kulia. Nilipima baadaye. Ulikuwa mrefu.

Baba alipokuwa hai, kazi ilienda vizuri. Mama anashona, Baba anapeleka. Alikuwa na pikapu ya kijani ambayo nyuma aliitandika turubai safi, mapazia yakalazwa humo bila kukunjamana, na Mama akakaa kando yake akimwelekeza. Miaka yote hiyo Mama ndiye aliyemfundisha Baba kuendesha, na yeye mwenyewe hajawahi kushika usukani hata siku moja.

Baba alipofariki, akaanza kukodi madereva. Mmoja alikalia pazia la ukumbi huku anakula karanga. Mwingine aliondoka na mzigo akazima simu, wateja wakawa wananipigia mimi dukani, mimi ambaye nakata vioo na sijui hata pazia lipi ni la nani. Mama akawafukuza wote, akasema atajifunza mwenyewe.

Hapo ndipo alipoingia baba yangu mdogo, ambaye ni mshauri wa familia ingawa hakuna aliyemwajiri. Alisema pikapu inaozea uani, kwamba amepata mnunuzi, na kwamba bibi mzima hawezi kuanza kuhangaika na gia. Tukakaa kikao. Mwisho wa kikao Mama mwenyewe akakata shauri: akipata leseni, pikapu yake. Akianguka mtihani mara tatu, iuzwe. Alikubali haraka kwa sababu kichwani mwake kuanguka hata mara moja hakukuwepo. Lakini kila mmoja pale alijua maana yake. Marobota ya mapazia hayabebwi kichwani wala hayaingii kwenye teksi. Pikapu ikiondoka, na cherehani zifunikwe.

Mke wangu ni mwalimu wa udereva. Shule yake nzima ni yeye, gari moja jeupe la gia za mkono, na bango la herufi L lililofungwa kwa waya. Upande wa abiria alitengenezewa pedali zake mwenyewe, ya klachi na ya breki, zikaunganishwa kwa vyuma na zile za mwanafunzi, ili mwanafunzi akizubaa yeye asimamishe gari. Wanafunzi wanamwita Mwalimu Pole. Wamemgongea nguzo, wamempeleka mtaroni, mmoja alimwingiza kwenye banda la kuku mchana kweupe, na alichosema yeye ni, "Sawa. Sasa tutafute rivasi."

Mtihani wa kwanza Mama alichemsha kihalali. Alirudi nyuma akaangusha pipa, kisha akashuka kuliinua na kulipangusa vumbi. Hatukubishana na mkaguzi.

Baada ya hapo ndipo gari lilipoanza kuumwa. Gari likiwa limesimama na hakuna anayekanyaga mafuta, injini inatakiwa ingurume taratibu tu, kwa sauti moja. Mafundi wanaita silensa. Basi silensa ikaanza kuyumba. Mshale wa mizunguko unashuka, unapanda, unashuka tena. Usukani unatetemeka mikononi mwa Mama, kioo cha katikati kinacheza mpaka huoni kilicho nyuma. Akiachia klachi aondoke, gari linakohoa na kutaka kuzima, na mara nyingine linazima kweli.

Ajabu ni kwamba lilimfanyia hivyo Mama peke yake. Wanafunzi wengine walikuja, wakaendesha, wakaondoka. Mke wangu akikaa kwenye usukani mwenyewe, gari limetulia kama linasikiliza taarifa ya habari. Akiingia Mama, mtetemeko. Majirani wakaanza kusema gari halimpendi, na kuna jirani mmoja alisema hivyo kwa furaha ambayo sijaisahau.

Fundi wetu wa gari, mtu wa maneno machache tunayemwita Chuma, alifanya kila kinachofanywa. Akabadilisha plagi. Akatoa chujio la hewa, akalipuliza, akaona halifai, akaweka jipya. Akasafisha kwa dawa ile njia ya hewa inayoingia kwenye injini, iliyokuwa imejaa masizi. Akaangalia nyaya, akaangalia pampu ya mafuta. Na kila alipoliwasha pale gereji, hendibreki juu, yeye nje ameinamia boneti, injini ilinguruma bila kasoro.

"Kaka, gari zima hili," akaniambia huku anajifuta mikono. "Labda mguu wa dereva."

Mguu wa dereva. Nenda kamwambie Mama Pazia kwamba shida ni mguu wake.

Hatukuhitaji kumwambia, alisoma kwenye nyuso zetu. Jioni ile nilikuwa nimekaa kiti cha nyuma, nikayasikia yote.

"Mama, achia klachi taratibu," mke wangu akasema.

"Naiachia taratibu. Nimekanyaga cherehani tangu hujazaliwa, mwanangu. Mguu wangu unajua taratibu ni nini."

"Najua, Mama. Jaribu tena."

"Si mimi. Ni gari."

"Najua, Mama."

Hiyo "najua, Mama" ndiyo iliyokuwa inamchoma. Mtu akikugombeza utamjibu, lakini mtu anayekubaliana nawe kwa upole huku haamini hata neno moja, utamfanya nini? Mama akaliwasha. Likatetemeka. Akaachia klachi kwa uangalifu ambao mimi sijawahi kuwa nao, na gari likaruka mara mbili, likazima.

Mtihani wa pili lilimzimia kwenye makutano, mbele ya lori la mchanga, mkaguzi akiwa kwenye kiti cha mwalimu. Akaliwasha, likazima tena. Dereva wa lori akapiga honi mpaka watu wakatoka madukani kuangalia. Mkaguzi akamwambia ashuke tu, Mama, apumzike, kwa ile sauti ambayo watu huwawekea wagonjwa. Mama yangu hajawahi kukosa jibu maishani mwake, na siku hiyo alishuka kimya.

Nilimkuta jioni amesimama kwenye meza ya kukatia, anakunja kitambaa kilekile, anakikunjua, anakikunja. Niliumia. Nilimwona amekuwa mdogo, na sikutaka kumwona hivyo.

"Si mimi," aliniambia bila kugeuka. "Wewe mtoto, unaniamini?"

Nikasema naamini. Sikuwa na hakika. Nilikuwa kati ya watu wawili ambao wote hawasemi uongo, na gari lilikuwa haliwezi kutoa ushahidi. Mke wangu alikuwa na hakika ni klachi, kwa sababu yeye akiliendesha halifanyi hivyo. Mama alikuwa na hakika ni gari, kwa sababu anajua mguu wake. Chakula kikawa kinaliwa kwa "naomba chumvi" na "asante". Mimi nikajitia hamnazo, nikawa nasifia mboga.

Halafu baba mdogo akapiga simu. Mnunuzi angekuja kuiona pikapu siku ileile ya mtihani wa tatu, mchana, "ili tusipotezeane muda." Mama alimsikia kwa sababu baba mdogo hajui kuongea polepole kwenye simu. Akasema tu, "Mwambie aje." Akaenda kukaa kwenye cherehani yake, na nikasikia inazunguka kwa kasi bila kitambaa.

Jumapili kabla ya mtihani tukaenda kufanya mazoezi kwenye uwanja ulio nyuma ya ghala la unga. Pale siku za mapumziko hakuna malori, kuna saruji tambarare na unga kidogo kwenye nyufa. Kazi yangu ilikuwa kusimama nyuma, katikati ya ndoo mbili zilizogeuzwa, kumwongoza Mama akirudi rivasi. Ni kazi ya hatari kuliko ya vioo.

Akawasha. Nikasikia injini inaanza wimbo wake: mm-mm, kimya kidogo, mm-mm. Bomba la moshi linacheza. Na nikaona kitu ambacho sikuwahi kukiona, kwa sababu siku zote nilikuwa nakaa ndani. Taa za breki zilikuwa zinawaka.

"Mama!" nikapaza sauti. "Toa mguu kwenye breki!"

"Sijagusa breki!"

"Taa zinawaka!"

"Nimesema sijagusa!"

"Mama, mimi nina macho!"

Kosa kubwa, kumwambia Mama Pazia kwamba una macho. Gari likazima lenyewe kabla hajanijibu. Nikamwona anainamisha kichwa kwenye usukani, na mke wangu anamshika bega na kumwambia jambo, bila shaka la upole. Kisha kichwa kikainuka. Mama akaliwasha upya, akavuta hendibreki kwa mikono miwili, akaweka gia huru, akafungua mlango. Akatoa mguu wa kulia nje, akatoa na wa kushoto. Akakaa pembeni ya kiti, kandambili zote mbili zimekanyaga saruji, mikono hewani kama mtu anayekamatwa.

"Haya!" akanguruma. "Njoo hapa wewe mwenye macho. Niambie miguu yangu iko wapi!"

Miguu yake ilikuwa nje, nikaiona, na ghala zima lingeiona. Na gari lilikuwa linaendelea kutetemeka, mm-mm, mm-mm, na taa za breki zinawaka nyekundu kabisa.

Mama aligeuka taratibu, akainama ndani ya gari, akapitisha macho chini ya usukani, akavuka gia, mpaka upande wa pili.

"Mwanangu," akamwambia mke wangu. "Na wako?"

Mke wangu akatazama chini. Kiatu chake cha kulia kilikuwa juu ya pedali yake ya breki. Hakuwa ameikandamiza, kiliegemea tu, kiasi cha kuibonyeza kidogo. Aliuangalia mguu ule kama ni wa mtu mwingine. Akauondoa. Taa zikazima, na injini ikatulia palepale, ikanguruma kwa sauti moja, safi, tamu, kama iliyokuwa gereji.

"Rudisha," Mama akasema.

Akarudisha. Mtetemeko.

"Toa."

Utulivu.

"Rudisha."

Walifanya hivyo mara kadhaa kama watoto wanaochezea swichi ya taa. Kisha Mwalimu Pole, mtu ambaye hakupandisha sauti kwenye banda la kuku, akafunika uso kwa mikono na kuanza kulia kwa sauti.

"Mama, sikujua. Wallahi sikujua."

"Wanafunzi wengine unawawekea?"

"Siwawekei. Mguu unakaa juu juu, haugusi. Wao wakigonga ni gari tu." Akanyoosha kidole kuelekea kwangu nilipokuwa nimesimama na ndoo. "Lakini wewe ukiumia, huyu nitamwambia nini? Kila ukikaa hapo nakuona umeumia. Mdomo nauzuia. Kumbe mguu…"

Nilidhani Mama atamkumbatia. Hamumjui Mama.

"Kwa hiyo mimi nimeonekana sina mguu," akasema, "nimepigiwa honi na lori, nimehurumiwa na mkaguzi, kwa sababu wewe unanipenda?"

"Ndiyo, Mama."

"Basi punguza!"

Na ndipo akacheka. Alicheka mpaka kandambili moja ikatoka. Mke wangu akacheka huku machozi yanatiririka, mimi nikakaa juu ya ndoo nikacheka nao. Na naomba iandikwe mahali kwamba aliyeona taa ni mimi.

Mke wangu ndiye aliyenyamaza kwanza. Akajifuta uso kwa kiganja, na uso uliobaki ulikuwa wa mwalimu.

"Hapana," akasema. "Ngoja kwanza. Breki ingeweza kulizuia gari lisiondoke vizuri. Lakini gari limesimama, gia huru. Breki inaitetemeshaje injini?"

Swali hilo lilikuwa zuri. Akashuka, akafungua boneti, akaniambia nikae kwenye usukani na kukanyaga breki polepole. Yeye akaweka sikio kwenye injini upande mmoja, upande mwingine. Mama kwa upande wake alikuwa amepiga magoti mlangoni, kichwa chake kando ya miguu yangu, chini ya dashibodi.

"Kuna kitu kinavuta pumzi hapa," akasema.

"Kipi?"

"Nyamazeni. Toa mguu. Kanyaga. Toa." Nikafanya. "Hapa. Ukikanyaga tu, fyuuu. Ukitoa, kimya. Wewe husikii?"

Nilikuwa sisikii kitu. Mke wangu akaja, akapiga magoti kando yake, na nikawa nimekaa kama mfalme huku mama yangu na mke wangu wamenisujudia miguuni. Sikuthubutu kufanya mzaha. Wote wawili walikuwa wanasikiliza.

"Busta," mke wangu akasema polepole.

Alitueleza akiwa bado magotini. Nyuma ya pedali ya breki, upande wa injini, kuna chungu cha bati cheusi. Ndicho kinachosaidia mguu, ili breki isiwe ngumu. Chungu hicho kinapata nguvu kwa injini kukinyonya hewa, kupitia mpira mmoja mnene. Ndani yake kuna ngozi ya mpira. Ngozi ikichanika, kila ukigusa breki hewa ya nje inapenya, inapita kwenye ule mpira mnene, inaingia kwenye injini bila kualikwa. Injini inapata hewa nyingi kuliko mafuta, inaanza kutetemeka na kutaka kuzima.

"Na breki ilikuwa imeanza kuwa ngumu," akaongeza. "Nikasema ni kwa sababu ya pedi mpya. Na mimi nikisimama siku zote navuta hendibreki, natoa mguu, na wanafunzi nimewafundisha hivyohivyo. Na Chuma naye yuko nje kwenye boneti. Hakuna aliyekanyaga!"

"Ila wewe," Mama akasema.

"Ila mimi."

"Na mkaguzi."

Tukatazamana. Mkaguzi gani anayekaa na bibi kwenye makutano, lori linakuja, asiweke mguu kwenye breki?

Lakini dhana si ushahidi, na mke wangu si mtu wa dhana. Akachukua koleo kwenye buti, akauzungushia ule mpira mnene kitambaa ili asiukate, akaubana kwa nguvu. "Kanyaga," akaniambia. Nikakanyaga breki. Ilikuwa ngumu kama jiwe, lakini injini haikushtuka hata kidogo. Mshale ulisimama mahali pamoja. Akaachia koleo: mm-mm, mm-mm. Akabana: utulivu.

Mama yangu alisimama. Akajipangusa unga magotini. Akaliangalia gari lile jeupe kuanzia taa za mbele mpaka buti.

"Si mimi," akasema. Halafu akalisema tena kwa sauti kubwa, kuelekea ukuta wa ghala, na ukuta ukamrudishia. "Si mimi!"

Nilipiga makofi. Sikuona haya. Nilipiga makofi kama niko uwanja wa mpira.

Tuliliacha gari hapohapo, maana lisingefaa kuendeshwa na breki ya namna ile, na Chuma akalifuata na vyuma vyake. Mke wangu alimwonyesha: kanyaga, toa, kanyaga, toa. Chuma akakuna kichwa. "Ah," akasema. Kwa Chuma hiyo ni hotuba. Akatafuta busta nzima, akaifunga, na alipomaliza alimtafuta Mama sebuleni kwake, akasimama mlangoni na kofia mkononi, akamwambia mguu wake hauna tatizo. Mama akamwambia akae, asitingishike.

Siku zilizobaki walifanya mazoezi kwa sharti moja alilolitoa Mama: mwalimu akae na viatu mkononi, miguu ameipeleka mbali na pedali. Mke wangu alikuwa anarudi nyumbani ametota jasho kuliko mwanafunzi. "Anaendesha vizuri," aliniambia siku moja, kwa mshangao wa kweli. "Anaendesha vizuri sana. Sikuwahi kumwona akiendesha."

Ya siku ya mtihani nimeyapata kwa kijana mmoja, mtahiniwa mwenzake, aliyekuwa kiti cha nyuma akisubiri zamu yake, kwa sababu kwa Mama kila akisimulia mkaguzi anazidi kuwa mkali. Mkaguzi alikuwa yuleyule. Alimkumbuka, akavuta pumzi, akafunga mkanda kwa uangalifu. Mama akawasha, gari likatulia. Akaondoka, akapita mtaa wa maduka, akapanda kilima, akasimama katikati ya kilima na kuondoka tena bila kurudi nyuma hata kidole kimoja. Wakafika kwenye makutano yale. Hakukuwa na lori safari hii, ila mabasi. Mama akavuta hendibreki, akasubiri, akatazama kulia, kushoto. Halafu akageuza macho, akayashusha kwenye miguu ya mkaguzi.

"Mwanangu," akasema, kwa heshima zote, "naomba mguu wako utoke kwenye breki yangu."

Kijana anasema ndani ya gari hata indiketa ilisikika ikihesabu.

"Huo ni utaratibu wa usalama, Mama," mkaguzi akasema.

"Usalama uweke karibu, usiulalie. Ukiniona nakosea, kanyaga, uniangushe. Lakini nikipita hapa nataka nipite mimi."

Mkaguzi alimtazama. Kijana anaapa kwamba alitabasamu, ila kijana naye alikuwa ana hofu ya mtihani wake, simwamini sana. Lakini mguu ulirudi nyuma. Mama akatazama kulia, kushoto, kulia tena, akaachia klachi taratibu, taratibu ile ya watu wa cherehani, na gari likavuka makutano kama linavutwa kwa uzi. Waliporudi kituoni, mkaguzi alishuka, akazunguka mpaka mlango wa dereva, akamfungulia.

Mke wangu alinipigia simu dukani. Nilisikia kelele tu, watu wanashangilia, mtu anapiga vigelegele. "Amepita!" akawa anapaza sauti, Mwalimu Pole huyo. "Amepita, amepita, amepita!" Niliacha kioo nusu kimekatwa.

Nilifika nyumbani pamoja nao. Uani, baba mdogo alikuwa amesimama na mnunuzi, na mnunuzi alikuwa ameshakaa kwenye usukani wa pikapu, anaigusagusa gia. Betri nilikuwa nimeichaji mwenyewe siku iliyotangulia. Niulize kwa nini, sitakujibu. Mama akamsogelea na karatasi yake ya kufaulu mkononi.

"Shuka, baba," akamwambia mnunuzi. "Hapo umekaa kazini kwangu."

Baba mdogo akafungua mdomo. Mama akamwinulia karatasi mbele ya macho, karibu sana, na akaishikilia hapo mpaka mdomo ukafungwa. Baadaye baba mdogo alisaidia kubeba marobota. Alibeba vizuri tu, tukamsifu.

Mapazia ya ukumbi yalikuwa yamengoja kwa siku nyingi. Tukayalaza nyuma juu ya turubai. Mama akapanda, akasogeza kiti mbele, akarekebisha kioo, akawasha. Pikapu ikakohoa mara moja kwa uzee, kisha ikashika silensa na kutulia. Mke wangu alikuwa amesimama kando, anatazama upande wa abiria. Kule hakukuwa na pedali yoyote. Kulikuwa na zulia la mpira tu.

"Unapanda au unaniombea?" Mama akamwuliza.

"Napanda, Mama."

Akapanda. Akafunga mkanda. Nilimwona anavua viatu, anaviweka chini, kisha anaikunja miguu yake yote miwili juu ya kiti na kuikalia, kama mtu aliyekaa mkekani kwake.

"Umekaa vizuri?"

"Nimekaa. Twende."

Mama akaachia klachi, na pikapu ya Baba ikatoka uani bila kushtuka. Mimi nikabaki nyuma kufunga geti.